Nani Alichota Maji ya Golbanti?

Kuna maandishi ambayo hayahakikiwi na mtu kwa sababu hakuna anayeyaita fasihi. Barua za wamishenari ni mojawapo. Sisemi zile za kuomba michango, hizo zina mdundo wake. Nasema zile za siku kwa siku: leo joto limezidi, paka amezaa kabatini, barabara imekatika, mama jirani katuletea maembe, Mungu ni mwema. Huandikwa na mume na mke, aghalabu mke ndiye mwenye kalamu, na siku hizi wengi wao ni wazee. Wamestaafu, watoto wamehama nyumbani, basi wanajitolea mwaka mmoja na nusu au miwili kwenda kutumikia nchi ambayo hawajawahi kuiona. Kila wiki wanawaandikia wajukuu habari za huko.

Nimezisoma nyingi. Tangu nitoke chuo mwaka wa pili (karo, hadithi ni ileile mnayoijua) nimeishi kwa maneno ya watu: natafsiri, nanyoosha sentensi za wengine, naandika hotuba za harusi. Mwaka huu kikundi kimoja cha vijana wa kanisa huko kwetu Garsen kiliniomba nitafsiri kurasa kadhaa za barua za zamani, zile za karne ya 19 ambazo hakimiliki yake ilishakufa kitambo. Wanataka kijitabu cha kumbukumbu ya miaka 140 ya vifo vya Golbanti. Malipo ni kwa ukurasa, kwa M-Pesa, nusu kabla nusu baadaye. Kazi ya wiki moja ilichukua mwezi mzima, na sababu ndiyo makala haya.

Kwa asiyejua, Golbanti ni kijiji cha Tana ya chini, si mbali na mji wa Garsen, jirani na Ngao na Tarasaa. Ukipita na basi la Lamu hukioni. Wamethodisti wa Uingereza, wale wa United Methodist Free Churches, walifungua kituo hapo katikati ya miaka ya 1880, baada ya kukaa zaidi ya miaka 20 Ribe, nyuma ya Mombasa. Tarehe 3 Mei 1886 mmishenari John Houghton na mkewe Annie waliuawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Hawakufa peke yao. Watu wa kituo waliuawa pamoja nao. Miaka miwili baadaye London ikatoa kitabu kilichoandikwa na Robert Brewin, jina lake The Martyrs of Golbanti, yaani wafia dini wa Golbanti. Kichwa kidogo kinafafanua kwamba hadithi ni ya maisha ya Mchungaji Houghton na Bi Houghton. Wengine wamebaki nje ya jalada.

Tusiruke hapo. Askofu Hannington alikuwa ameuawa Busoga Oktoba 1885. Mwezi mmoja kamili baada ya Golbanti, tarehe 3 Juni 1886, vijana wa Kabaka Mwanga walichomwa Namugongo, na leo wale vijana wana majina, wana sikukuu, wana parokia na shule zinazoitwa kwa majina yao. Kwa hiyo msomaji wa Uingereza alikifungua kitabu cha Brewin akiwa tayari anajua hadithi ya aina hii huenda wapi. Na hilo ndilo tatizo la neno kubwa kwenye jalada: linaanza kuyasoma maisha kutoka mwisho. Ukishaambiwa mtu ni shahidi, kila kikombe cha chai anachokunywa kinakuwa chai ya shahidi. Akishona pazia, ni pazia la shahidi. Siku zake hazina ruhusa tena ya kuwa siku.

Brewin alishaifanya kazi hii mara moja kabla. Rebecca Wakefield, mke wa Thomas Wakefield wa Ribe, alikuwa dadake. Alifariki huko Ribe Julai 1873, muda mfupi baada ya kumzika mtoto mchanga, na kakake akazikusanya barua zake akazifanya kitabu kabla miaka ya 1870 haijaisha. Simlaumu. Ndugu akifa mbali, unashika ulichonacho, na alichokuwa nacho ni karatasi. Lakini kama mhakiki lazima niseme: mhariri aliye ndugu wa marehemu ni mhariri mbaya. Nani kati yetu angeacha ndani ya kitabu ile sentensi ambayo dadake amechoka, amenuna, amemtukana mpishi, na jioni hakutaka kusali? Tungeitoa sote. Hivyo aina hii ya maandishi ilizaliwa ikiwa imeshapigwa pasi.

Mimi nazipenda barua hizi pale zinapojisahau. Zinapoacha kuokoa roho na kuanza kuhesabu unga. Mtu ambaye hajakaa Tana ya chini hawezi kuelewa jinsi unga ulivyo hadithi. Ulipanda jahazi Mombasa, ukashuka Kipini, ukaingia Ozi hadi Kau, ukapita mfereji wa Belezoni hadi Tana yenyewe, ukakokotwa juu kwa mtumbwi, na ukifika una wadudu wake wenyewe. Maji yalichotwa mtoni, penye mamba, na kama umewahi kuyaona maji ya Tana wakati wa masika unajua rangi yake ni chai ya maziwa. Yatulie, yachujwe, yachemshwe, yapoe. Hiyo ni nusu ya siku ya mtu. Barua inayosema hayo ina kitu cha kunifundisha kuhusu babu zangu, hata kama mwandishi wake anadhani anazungumza kuhusu uvumilivu wake mwenyewe.

Halafu kuna homa. Ronald Ross alithibitisha kuwa malaria hubebwa na mbu mwaka 1897, kule India. Golbanti ni 1886. Kwa hiyo mtu wa barua hizi anamtaja mbu kama kero ya jioni, kitu cha kupunga kwa mkono, kisha anaogopa kwa dhati hewa ya majimaji inayopanda kutoka mabondeni usiku. Sisi tunaosoma leo tunataka kumpigia kelele: si hewa, ni huyo unayempunga! Hakuna riwaya ya Kiswahili niliyosoma yenye kejeli kali kuliko hiyo, na aliyeiandika hakujua anaiandika. Ndiyo maana nasema ni fasihi. Maandishi yanayojua mengi kuliko mwandishi wake ni fasihi, tukubali tukatae.

Sasa nije kwenye kilichonichelewesha mwezi mzima. Vitenzi.

Kiingereza kinamruhusu mtu aseme amejenga nyumba, aende zake. Tulijenga nyumba ya vyumba vitatu. Tulipanda migomba. Tulichemsha maji. Tulivuka mto. Barua zimejaa sentensi za namna hii, na kwa Kiingereza hazina hatia yoyote, kila mtu anaelewa kwamba bwana amejenga kama vile gavana anavyojenga barabara. Lakini hebu jaribu kuziweka kwa Kiswahili. Mnakumbuka ule mnyambuliko wa vitenzi tuliochapwa nao shule ya msingi? Jenga, jengea, jengewa, jengesha. Tulidhani ni mateso ya mtihani tu. Kumbe ni mizani. Kiswahili hakikuachi useme ulijenga wakati ulikaa kivulini ukionyesha kwa fimbo. Kinakuuliza papo hapo: ulijenga, ulijengewa, au ulijengesha? Ulipika, ulipikiwa, au ulipikisha? Ulilima, au ulilimisha?

Nyanya yangu, aliyeujua mto huu kabla ya daraja la Garsen, hana msamiati wa "nilivuka Tana". Husema alivushwa. Na akishasema alivushwa, anakutajia aliyemvusha, mtoto wa nani, na kama alilipwa au alikopwa. Kwake si adabu, ni sarufi. Mto huo una mamba na mkondo, mtu hauvuki peke yake, kwa hiyo lugha ya watu wa mto haimvushi mtu peke yake.

Basi nikawa nakaa na sentensi moja saa nzima. Mume na mke, wote wawili wameugua homa, hawawezi kusimama, na wiki hiyohiyo barua inasema walipanda bustani. Waliipandaje? Nikaandika "tulipanda", nikafuta. "Tulipandisha" inasikika kama wanapandisha bendera. "Tulipandiwa bustani" ndiyo kweli, na ndiyo niliyoiacha. Msimamizi wa kile kikundi, dada mmoja makini sana, akanipigia simu: mbona wamishenari wetu wamekuwa wavivu kwenye tafsiri yako? Nikamwambia dada yangu, si wavivu, ni wagonjwa. Na mtu mgonjwa hapandi migomba. Akacheka. Lakini swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu tafsiri ile inawapunguza. Naamini inawapunguza hadi kimo chao, na sioni kama hiyo ni dharau.

Kitu cha pili ni neno boy. Karne nzima ya maandishi ya Wazungu Afrika inalo. Anaweza kuwa mtoto wa miaka kumi, anaweza kuwa baba wa watoto sita. Nilikuwa na chaguo la "kijana", ambalo linasamehe. "Mtumishi", ambalo kwa watu wa kanisa linamgeuza kuwa mchungaji, si unajua, mtumishi wa Mungu. "Msaidizi", ambalo ni lugha ya ofisi. Wazee wa kanisa walitaka msaidizi. Mimi nikaweka "boi". Neno liko kwenye kamusi, babu zetu waliitwa hivyo, na waliliokota wakalifanya la Kiswahili kwa kuwa ndilo waliloitwa. Ukiliondoa unaisafisha barua, unarudi kule kwa Brewin na pasi yake.

Na hapa kuna jambo zito kuliko boi. Wamishenari wa Golbanti hawakuja kwa ajili yetu. Tangu Krapf, ndoto yao ilikuwa Waoromo, ambao maandishi yao yote yanawaita Wagala, jina ambalo wenyewe wanalikataa na ambalo leo ukilitamka Garsen sokoni utajua hujui. Krapf alikuwa ameishi Shewa, Ethiopia, akaamini kwamba Waoromo wakiongoka, Afrika nzima ya upande huu itafuata. Wamethodisti walirithi ndoto hiyo na Golbanti ilikuwa mlango wake. Waliofika kanisani kwa wingi, hata hivyo, walikuwa Wapokomo, wakulima wa kingo za mto. Kwenye maandishi ya wakati huo utaona upendo mkubwa kwa mchungaji ng'ombe, mrefu, mwenye mkuki, asiyekuja; na maneno machache kwa mkulima aliyekuja, akakaa, akajifunza kusoma, na bila shaka akachota maji. Kwa lugha ya siku hizi: walikuwa wanamtumia meseji mtu asiyejibu huku wamezungukwa na wanaowapenda.

Ningeweza kuishia kwenye kucheka. Lakini nilikuwa shule Agosti 2012. Tarehe 22 mwezi huo watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto, Waorma. Septemba kukafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, Desemba Kipao. Waorma wameuawa, Wapokomo wameuawa, polisi wameuawa. Na kila nilichosoma gazetini wakati huo kilieleza mambo kwa ploti moja: wafugaji na wakulima, uhasama wa tangu jadi. Kana kwamba hakukuwa na uchaguzi wa 2013 unakuja na mipaka ya kura kubishaniwa, kana kwamba hakukuwa na mipango ya mashamba makubwa ya miwa kwenye delta iliyowapa watu wasiwasi kuhusu malisho na maji kwa miaka kadhaa. Nilipokuwa natafsiri barua hizi niliitambua ile ploti. Mchungaji mkali, mkulima mpole, na katikati yao mgeni mwema anayepatanisha. Iko pale, imeshakamilika, katika maandishi ya watu waliokuwa wakihesabu unga. Sisemi barua zilisababisha Riketa. Hapana. Nasema mwandishi wa habari wa 2012 alikuta ploti imeshatengenezwa, akaitumia, na hakuna aliyemuuliza aliitoa wapi.

Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na marafiki zangu wa Nairobi wanaosema barua za wamishenari zichomwe, ni ukoloni mtupu. Ukizichoma, ploti inabaki, ila sasa haina mwenyewe. Na siwezi kukubaliana na wazee wanaotaka zisomwe kanisani zikiwa zimesimama wima kama Injili. Zisomwe kama daftari la dukani: nani alileta nini, nani alilipwa, nani hakulipwa, nani ana jina na nani ni "mmoja wa watu wetu".

Majina hupatikana, ila mara nyingi si kwenye barua. Nenda kwenye kamusi. Johannes Rebmann alikaa Rabai tangu 1846 hadi 1875. Kamusi yake ya Kinyanja, iliyotoka 1877 baada ya kifo chake, ilitokana na mtu mmoja aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Tunamjua Salimini kwa jina kwa sababu kazi ya maneno haiwezekani bila mtu wa kuuliza. Huko Ngao, Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen walifika 1887, mwaka mmoja tu baada ya Golbanti kuvamiwa, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akachapisha orodha za maneno na sarufi ya Kipokomo. Orodha ya maneno ni maisha ya kila siku bila mahubiri. Kasia, wavu, mpunga wa aina hii na ile, mkwe, kikohozi. Kama ningepewa nichague kati ya kitabu cha wafia dini na orodha ile, nisingefikiri mara mbili.

Na kama unataka kuwaona wamishenari kutoka upande wa pili wa meza, soma Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, 1934. Mbotela ni mtoto wa Frere Town, pale ambapo leo makondakta wa matatu wanaita Kengeleni kwa sababu ya kengele ya misheni, na anasimulia jinsi babake alivyotekwa utumwani na hatimaye akafikishwa huko. Amewasifu Waingereza hadi inachosha, hilo limesemwa na wengi na ni kweli. Lakini ndani yake Mwafrika ndiye anayetembea, anayeogopa, anayehesabu siku. Mzungu anaonekana mlangoni tu, akitoka, akiingia. Nafasi zimebadilishana. Baada ya kukisoma, jaribu kurudi kwa Brewin uone kama utavumilia.

Kuna nyimbo pia. Tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitoka kwenye wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, ulioletwa 1963 na Mzee Meza Galana. Ifikirie hiyo pamoja na mambo tuliyokuwa tunasema. Maisha ya nyumbani ya Rebecca Wakefield yalikuwa kitabu London miaka michache baada ya kifo chake. Maisha ya nyumbani ya mama wa Kipokomo yalichukua miaka mingi zaidi kufika mjini, yakafika bila maneno yake, na sasa tunayasimamia wima uwanjani mkono ukiwa kifuani. Na ngadji, ngoma yetu kubwa takatifu iliyochukuliwa na maafisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, iko British Museum. Huko nyuma ya pazia, haijachapishwa na mtu. Nimetaja tu, nisije nikatoka nje ya mada kabisa.

Turudi kwa wazee. Nilianza na wale wastaafu wa leo na huenda ulidhani nitawakaanga. Kusema kweli nimekuja kuwapendelea. Zamani mmishenari hakupata muda wa kuzeeka upande huu. Rosine Krapf alizikwa Mombasa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, na mtoto wake pamoja naye. Rebecca hakumaliza miaka mitatu na kitu. Akina Houghton tumeshawasema. Rebmann ndiye karibu wa pekee aliyezeekea hapa. Mkewe Emma alifariki Rabai 1866. Yeye akabaki, macho yakafifia hadi yakazima, na 1875 aliporudi Ulaya alikuwa kipofu. Aliyesafiri naye alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Fikiria barua ambayo Rebmann angeiandika akiwa melini, kama angeweza kuandika. Asingeweza kusema nilipanda, nilishuka, nilikula. Kila kitenzi chake kingekuwa na mkono wa Nyondo ndani yake.

Uzee hufanya hivyo kwa sarufi. Mwaka jana nilinyoosha Kiswahili cha bibi mmoja mgeni, mwenye miaka sabini na ushei, aliyetaka kuwaaga majirani zake wa Pwani kwa lugha yao. Magoti yake yalikuwa yameisha. Barua nzima ilikuwa ya kutendewa: nimebebewa, nimeshikwa mkono, nimengojewa, nimefundishwa kununua samaki. Alimtaja muuza maji kwa jina, na punda wake kwa jina. Kuna sehemu ameweka mahubiri, hapo nilisinzia. Lakini kijana mwenzangu wa miaka ishirini na kitu anayekuja kwa wiki mbili kupaka shule rangi hawezi kuiandika barua hiyo. Yeye bado ana magoti. Bado anajenga.

Kwa hivyo kama mhakiki, nikiulizwa barua ipi ya misheni inafaa kusomwa, naangalia kwanza nani amechoka. Aliyechoka huandika vizuri zaidi kwa sababu hawezi kuficha aliyembeba. Barua za Tana zilizo bora ni zile zilizoandikwa kitandani, homa ikishuka, pale mwandishi anapogundua kwamba kuna mtu amekuwa akimletea uji siku nne na hajui hata mama yake ni nani.

Kijitabu chetu kiko karibu kwenda. Nilipeleka rasimu Ngao isomwe kwa sauti, ndivyo wazee walivyotaka, na mzee mmoja akanisimamisha kwenye ile sentensi ya nyumba ya vyumba vitatu. Mimi nilikuwa nimeridhika nayo: "Tulijengewa nyumba." Akasema, ndiyo, walijengewa. Na nani?

Nikamwambia barua haisemi. Akasema basi sentensi haijaisha. Ukishasema umejengewa, lugha yenyewe inadai "na". Tukabishana kidogo. Mwingine akasema upande wa mamake kulikuwa na mafundi wa makuti wa tangu enzi hizo, mwingine akasema hao walikuwa wa kanisa la Ngao, si la Golbanti, na chai ikapoa. Hatukupatana. Tulichokubaliana ni kwamba nisivumbue jina, na nisiiache sentensi kama ilivyokuwa. Sasa inasomeka "Tulijengewa nyumba na", kisha mstari mrefu wa nukta hadi ukingoni mwa ukurasa. Nimefanya hivyo sehemu kumi na moja. Mpiga chapa wa Malindi ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama faili limeharibika.